Mtambo wa Umeme Ukipangwa Kando ya Hifadhi: Jinsi ya Kuupinga Mkiwa na Daftari na Kalenda

Sahihi yangu niliikuta mwishoni mwa ripoti ya kampuni, mstari wa 17, chini ya kichwa kilichosema: "Wakazi waliounga mkono mradi." Mwandiko ni wangu na namba ya simu ni yangu. Lakini siku niliyotia sahihi, karatasi ile haikuwa na kichwa chochote. Tulikuwa tumeketi kwenye viti vya plastiki chini ya hema, si mbali na uzio wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru, hapa Kenya. Tulikuwa tumepewa soda na shilingi 200 za nauli, na kijana mwenye kofia ya kampuni akapitisha karatasi akisema, "Andika tu hapo, mama, ni mahudhurio."

Mimi ni fundi cherehani upande wa Mwariki, na kwa miaka mingi nimekuwa katibu wa chama chetu cha akina mama. Kazi ya katibu ni kuandika kilichosemwa, aliyekisema, na tarehe. Siku ile sikuandika chochote. Ndiyo maana naandika sasa, kwa ajili ya yeyote atakayekuta tangazo la mtambo wa umeme limebandikwa ukutani kwao, iwe ni kando ya hifadhi, msitu, kinamasi au ziwa. Nitaeleza tulivyofanya, na mahali tulipochelewa nitapataja pia.

Siku zinaanza kuhesabiwa kabla hujajua

Tangazo letu lilikuwa kwenye ukuta wa kinu cha posho, kati ya karatasi ya nyumba za kupanga na bango la mkutano wa injili. Lilikuwa la Kiingereza, kwa herufi ndogo, na baada ya siku mbili bango jingine la injili likabandikwa juu yake. Kijana wa boda boda anayeegesha pale alikuwa amelipiga picha, kwa sababu aliona namba ya kiwanja anachokijua: babake hulisha ng'ombe hapo. Picha hiyo ilikuja kuwa na thamani kuliko hotuba zetu zote, kwa kuwa ilionyesha tarehe.

Kwa hiyo ukiona tangazo, piga picha mbili. Ya kwanza iwe ya karibu, kila neno lisomeke. Ya pili simama mbali, ukuta mzima na jengo vionekane, ili kesho mtu asije kudai lilibandikwa mahali pengine. Andika kwenye daftari saa uliyoliona na nani alikuwepo. Kama limetoka gazetini, nunua gazeti lote ulihifadhi. Usikate kipande, maana tarehe iko juu ya ukurasa.

Kisha hesabu siku. Mradi wa aina hii hupita kwenye meza zaidi ya moja, na kila meza ina muda wake. Mwenye kiwanja akitaka kubadilisha matumizi ya ardhi, tuseme kutoka kilimo hadi viwanda, lazima atangaze, na tangazo huwapa wenye pingamizi siku 14 za kuiandikia kaunti. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ikishafika NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira inayotoa leseni, umma hualikwa kutoa maoni, na muda huo ni siku 30. Leseni ikitolewa, kuna siku 60 za kukata rufaa. Na ukiomba nyaraka kwa ofisi ya umma chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ofisi ina siku 21 za kukujibu.

Hebu tazama hesabu hiyo. Ukitoa 21 kwenye 30 inabaki 9. Ukiomba ripoti kwa barua, na ofisi ikakaa nayo mpaka siku yake ya mwisho, utabaki na siku 9 za kusoma mamia ya kurasa na kuandika majibu. Kwa hiyo peleka barua, na siku hiyo hiyo nenda mwenyewe kwenye ofisi ya NEMA ya kaunti uombe kuisoma hapo hapo. Sheria inasema wazi kwamba ombi la habari linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na kupeleka ombi hakulipiwi. Unachoweza kutozwa ni gharama ya fotokopi. Ofisi ikikunyima au ikinyamaza, unaipeleka Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi huiita ofisi ya Ombudsman.

Sisi tulipoteza siku 11. Mwenyekiti alikuwa amekwenda mazishini ushago, tukasema tumsubiri ili jambo liende kwa heshima. Heshima ile ilitugharimu theluthi ya muda wetu wa maoni. Msisubiri mtu. Waliopo waanze, na wanaorudi wataelezwa.

Anza kusoma ripoti kutoka nyuma

Ripoti yetu ilikuwa nene kama Biblia ya kanisani. Tuliipiga fotokopi kwa saiba, tukaigawa vipande sita, kila mmoja akapeleka chake nyumbani. Tulikutana kwenye karakana yangu kila jioni baada ya saa kumi na mbili, mashine zikiwa zimefunikwa, tukasoma kwa sauti. Mwalimu mmoja mstaafu alitusaidia kwenye majedwali. Neno tusilolijua tulilipigia mstari kwa chaki ya fundi, na kesho yake mtu aliliuliza kwa mtoto wake aliye chuoni.

Ushauri wangu: anzeni na viambatisho vya mwisho. Huko ndiko kuna orodha za mahudhurio, picha za mikutano, na fomu za maswali ambazo wakazi wanasemekana kujaza. Ndiko nilikoikuta sahihi yangu. Ndiko pia tulikokuta fomu 12 zenye mwandiko mmoja, na majina mawili ya wazee tuliowazika kabla mkutano wenyewe haujafanyika. Mtaalamu wa mjini hawezi kuligundua hilo, kwa sababu hawajui marehemu wenu. Ninyi mnawajua. Pitieni majina moja moja, na mbele ya kila jina andikeni: yupo, hayupo, amehama, amefariki. Aliyepo mwendeeni mumuulize alichokubali.

Baada ya hapo tafuteni sura ya njia mbadala. Ripoti inatakiwa ieleze mahali pengine na teknolojia nyingine zilizofikiriwa, na kwa nini hazikuchaguliwa. Yetu ilikuwa nusu ukurasa. Huu ni mtambo wa kuchoma mafuta mazito, yale meusi yanayokaribia lami, ambayo lazima yapashwe moto kwanza ndipo yapite kwenye bomba, na yana salfa. Mtambo huo kuwekwa kando ya uzio wa hifadhi kulitetewa kwa nusu ukurasa.

Halafu ulizeni: ripoti inasema tunaishi vipi? Hapa ndipo tulipopata hoja yetu kubwa, na ilitoka jikoni.

Kwenye sura ya maji waliandika kwamba wakazi hutumia maji ya bomba na ya visima. Mtu yeyote wa Nakuru anajua shida ya visima vyetu. Maji ya chini ya ardhi huku Bonde la Ufa yana floraidi nyingi. Tazama meno ya watu wengi waliokulia huku, yana rangi ya kahawia. Kwa sababu hiyo, nyumba nyingi mtaani kwetu hunywa maji ya mvua. Maji yanatoka kwenye mabati, yanapita kwenye mfereji, yanaingia kwenye tangi, na kutoka tangini yanakwenda kwenye sufuria ya chai. Masizi ya bomba la moshi yakitua juu ya bati, mvua ya kwanza itayashusha yote tangini. Ripoti ya kurasa mamia haikuwa na neno "mabati" hata mara moja.

Tulizunguka nyumba kwa nyumba. Kila nyumba tuliandika: tangi lina lita ngapi, wanakunywa maji gani, wana watoto wangapi walio chini ya miaka mitano. Ilituchukua Jumamosi mbili. Hatukuhitaji mtaalamu. Tulihitaji akina mama wanne wenye kalamu, ambao wangekaribishwa ndani kila mlango waliobisha.

Utepe kwenye kamba ya nguo

Jambo la pili tulilolipima wenyewe ni upepo. Ripoti ilisema moshi utapeperushwa mbali na hifadhi. Tuliposoma maandishi madogo chini ya mchoro, tukaona kwamba vipimo vya upepo vilitoka kwenye kituo cha mji mwingine.

Nilikata utepe wa kitambaa cha bitana, kile chepesi kinachoruka hata mtu akipita, urefu wa mkono mmoja, nikaufunga juu ya mti unaoshika kamba ya kuanikia nguo. Wenzangu watatu wakafanya vivyo hivyo kwenye viwanja vyao. Tuliangalia mara tatu kwa siku: saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni. Kwenye daftari tulichora msalaba wa pande nne na kuandika utepe unaelekea wapi: uzioni, mjini, barabarani, au umelala. Tulifanya hivyo siku 24. Kwangu mimi, kati ya mara 72 nilizoangalia, mara 51 utepe ulielekea uzioni. Asubuhi nyingi ulikuwa umelala kabisa, na hilo pia niliandika, maana asubuhi isiyo na upepo moshi hukaa papo hapo juu ya nyumba.

Sikudai kwamba utepe wangu ni kifaa cha maabara, na wewe usidai hivyo. Ukikuza jambo dogo watalitumia kukuangusha kwa yale makubwa. Nilichoandika ni hiki: ripoti haina kipimo hata kimoja cha upepo wa mahali hapa, sisi wakazi tumeangalia kwa siku 24 na tumeona kinyume cha ilichosema, tunaomba kampuni ipime hapa, msimu wa mvua na wa kiangazi, kabla ya uamuzi wowote. Ombi kama hilo ni gumu kulikataa.

Lijue eneo mnalolilinda

Watu wengi hupinga kwa kusema "wanyama watakufa," wakaishia hapo. Ofisa anayesoma barua 300 zinazosema hivyo hana pa kushika. Mpe pa kushika.

Ziwa Nakuru lina mito inayoingia, ukiwemo Njoro, na halina mto unaotoka. Maji yanaondoka kwa kupanda angani tu, na kilichokuwa ndani ya maji kinabaki. Mafuta au salfa ikiingia mle haina njia ya kutokea. Hiyo ndiyo sentensi niliyoirudia katika kila mkutano, na hata mtoto wa darasa la nne aliielewa. Heroe, hao ndege wa waridi ambao watu huvuka bahari kuja kuwaona, hula mwani mdogo sana unaoota kwenye maji yale ya magadi. Maji yakibadilika, mwani unabadilika, na ndege wanahama.

Tena mtambo wa umeme hauji peke yake, unakuja na nyaya. Heroe husafiri kati ya maziwa ya Bonde la Ufa, na sehemu kubwa ya safari hizo ni usiku. Ndege mwenye miguu mirefu anayeruka gizani haoni waya, na nyaya za umeme zinajulikana kuwaua. Ulizeni njia ya nyaya itapita wapi. Ripoti yetu ilisema suala hilo "litashughulikiwa baadaye na mradi tofauti." Mkiona maneno hayo, yapigieni mstari mwekundu, maana mradi unakatwa vipande ili athari yake ionekane ndogo.

Halafu kuna heshima ambayo eneo limeshapewa. Ziwa Nakuru liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, mwaka 1990, likiwa la kwanza Kenya. Mwaka 2011 liliandikwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia pamoja na Bogoria na Elementaita. Nchi iliyo na eneo kama hilo hutakiwa kuiarifu Kamati ya Urithi wa Dunia kabla ya kuidhinisha mradi mkubwa unaoweza kuliathiri, na hata raia wa kawaida anaweza kuandika kwa kituo chao kilichoko Paris. Tuliandika. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, na nakala tukampa msimamizi wa hifadhi kwa mkono. Ikiwa unaishi karibu na Msitu wa Kakamega, au kinamasi cha Dunga kule Kisumu, tafuta sifa za eneo lako na uziandike kwa usahihi. Sifa iliyoandikwa vibaya ni afadhali isiandikwe.

Barua inayopokelewa

Barua moja yenye sahihi 500 huhesabiwa na wengi kama barua moja. Barua 60, kila nyumba na yake, kila moja ikisema jambo la nyumba hiyo, ni barua 60. Fanyeni zote mbili, lakini nguvu wekeni kwenye hizi 60.

Kila barua ianze na jina la mradi kama lilivyo kwenye tangazo, pamoja na namba ya kumbukumbu. Kisha sema wewe ni nani na unaishi umbali gani kutoka kiwanjani. Taja ukurasa wa ripoti wenye kosa. Mwisho sema unachotaka: leseni ikataliwe, au utafiti urudiwe, au pafanyike kikao cha hadhara. Barua ya mama mmoja jirani yangu, anayeuza mboga, ilikuwa na maneno haya:

"Ukurasa wa 64 unasema tunakunywa maji ya bomba. Mimi sina bomba. Nina tangi la lita 1,000 linalopokea maji ya mabati, na watu saba wanalitegemea. Kiwanja cha mtambo nakiona nikiwa mlangoni pangu. Naomba utafiti urudiwe na maji ya mvua yapimwe."

Hakuna aliyemwandikia. Alisema kwa kinywa chake, nami nikaandika, nikamsomea mara mbili, akatia sahihi.

Chapisheni nakala mbili za kila barua. Moja inabaki ofisini, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa na kurudi nanyi. Siku ya kwanza karani alituambia aliye na muhuri ametoka. Tulikaa kwenye benchi mpaka akarudi. Usiondoke bila muhuri, hata ukiambiwa kesho, hata ukiwa na njaa. Bila muhuri hukuleta barua.

Siku ya baraza

Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika, abandike mabango, atangaze gazetini na redioni kwa lugha rasmi na lugha ya eneo. Mhesabie. Chifu na wazee wa nyumba kumi ni watu wa kuheshimu, lakini kuwaeleza wao peke yao si kuwaeleza wakazi.

Njoo na katibu wenu na daftari lenu. Karatasi ya mahudhurio ikifika mkononi mwako bila kichwa, andika wewe juu yake kwa kalamu: "Mahudhurio tu. Sijakubali mradi." Kisha tia sahihi, uipige picha, umpe anayefuata. Sitakwambia ukatae soda wala nauli. Kuna watu waliacha kibarua cha siku nzima ili waje, na mia mbili ni unga wa watoto. Kilicho hatari ni karatasi tupu.

Ulizeni maswali yanayojibiwa kwa namba. Lita ngapi za maji kwa siku, na zitatoka wapi? Malori mangapi ya mafuta, na yatapita barabara gani watoto wakienda shule? Bomba la moshi lina urefu gani? Matope ya mafuta yanayobaki yatatupwa wapi? Ajira ngapi zitakuwepo ujenzi ukiisha? Swali hili la mwisho lilibadilisha mkutano wetu. Vijana walikuwa wameahidiwa kazi mamia. Meneja alipobanwa, akataja 35, nyingi zikiwa za watu wenye vyeti vya ufundi wa mitambo.

Nataka nikae kidogo kwenye suala la vijana, maana hapo ndipo mapambano mengi huvunjika. Mpwa wangu mwenyewe aliutaka mradi. Ana diploma, ana mtoto, na alikuwa amekaa miaka mitatu bila kazi. Alinikabili mbele ya watu, "Shangazi, wewe una cherehani. Mimi nina nini?" Niliumia, na sikuwa na jibu la haraka. Wenzangu walitaka kumzomea nikawazuia. Jioni nikamwita, tukala, nikamwonyesha zile kurasa za ajira naye akazisoma mwenyewe. Hakugeuka siku hiyo. Lakini aliacha kusema tumehongwa, na baadaye ndiye aliyetuchorea ramani ya matangi yote ya maji kwa simu yake. Msimwite jirani yenu msaliti kwa sababu anatafuta riziki. Mtambo ukikosa kujengwa, bado mtaishi naye.

Mtaambiwa pia mnapinga maendeleo. Jibu letu lilikuwa la kweli, kwa hiyo halikutusumbua: cherehani yangu ya umeme inaendeshwa kwa mvuke wa ardhini wa kaunti hii hii, kutoka Olkaria, ambako umeme wa mvuke umezalishwa tangu 1981. Tunautaka umeme. Tunapinga mafuta haya, mahali hapa, kwa ripoti hii. Rudieni maneno hayo matatu mpaka hata mwandishi wa habari asiye makini ayaandike sawasawa.

Kuhusu maandamano nitasema machache. Katiba inayaruhusu, kifungu cha 37. Mpelekeeni mkuu wa kituo cha polisi taarifa kwa maandishi, siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla. Tulifanya moja tu, akina mama na madebe matupu ya maji, nayo ilitosha kuleta redio.

Pesa za michango ziwekwe kwenye laini moja ya chama, wenye kutoa wawe watatu, na hesabu isomwe kila wiki hadharani, hata ikiwa ni shilingi 640. Mwanasiasa mmoja alitaka kutulipia kila kitu, na pia mwenye ardhi mmoja aliyetamani mradi uhamie kwake. Tuliwashukuru wote wawili tukakataa.

Leseni ikitolewa

Usikate tamaa, lakini angalia kalenda saa hiyo hiyo. Rufaa hupelekwa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira, lile linaloitwa NET, ndani ya siku 60, na usitegemee kuongezewa. Pamoja na rufaa, ombeni kwa maandishi amri ya kusimamisha kazi kiwanjani. Msidhani tingatinga litasimama lenyewe kwa sababu mmekata rufaa. Kama mtaenda mahakamani kwa njia ya Katiba, kifungu cha 70 hakimlazimishi mtu kuthibitisha kwamba ameshadhurika. Huhitaji kusubiri mtoto augue.

Wenzetu wa Lamu walipita njia hii. NEMA ilitoa leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 mwaka 2016. Wakazi wakakata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa ushirikishwaji wa umma: mikutano ilifanyika mapema, ya kutambulisha mradi tu, kabla watu hawajapewa matokeo ya utafiti ili wayajadili. Nilipoelezwa hukumu hiyo nilikumbuka hema letu, soda, na karatasi isiyo na kichwa. Tuliitaja Lamu katika kila barua iliyofuata, tarehe yake ikiwa kamili. Kumbuka pia kwamba ilichukua karibu miaka mitatu. Pangeni zamu ili watu wasichoke wote kwa pamoja.

Sisi hatukufika huko. NEMA iliirudisha ripoti kwa kampuni ikitaka upepo na maji ya mvua vipimwe upya, na mikutano irudiwe. Kampuni haikuirudisha. Niliapishwa mbele ya wakili kuhusu ile sahihi ya mstari wa 17, na kiapo changu kiko kwenye faili, ambalo lina nakala tatu kwenye nyumba tatu tofauti.

Kazi iliyobaki ni kukifuatilia kiwanja chenyewe. Kampuni inaweza kubadili jina, na wakurugenzi unaweza kuwatafuta kwa kulipia hati ya CR12, yenye majina yao, kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, lakini namba ya kiwanja ndiyo ya kushika. Tuliiandika kwa wino mkubwa ndani ya jalada la daftari. Miezi minane baadaye kijana yule wa boda boda alinitumia picha saa moja na nusu asubuhi: tangazo jipya, jina la kampuni tusilolijua, ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi kutoka kilimo kwenda viwanda, na namba ile ile ya kiwanja. Hatukumsubiri mtu. Pingamizi letu liligongwa muhuri siku ya tatu kati ya zile 14.